Viti Vinne vya Metha

Metha Lorenzen hakuwahi kuwa na zaidi ya jozi mbili za viatu: za zizini na za kanisani. Za zizini zikitoboka alinunua nyingine. Za kanisani hazikutoboka, kwa sababu kanisa liko karibu na mahubiri ya mchungaji wetu hayamrushi mtu kutoka kitini. Koti lake lilikuwa moja. Saa ya ukutani nayo ilikuwa moja, na ilikawia dakika tano tangu mwaka walioinunua, lakini hakuna aliyeirekebisha maana wote mle ndani walijua kwamba inakawia.

Alizaliwa, akaolewa na akazeeka Ravnkær, kusini kabisa mwa Jutland, ambako ukianza kutembea asubuhi kuelekea kusini unakunywa kahawa ya saa nne ukiwa Ujerumani. Kwao walikuwa watoto tisa na ng'ombe sita. Alipokuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu aliolewa na Jes, seremala, kijana mrefu asiye na maneno mengi, na zawadi aliyoomba ilikuwa meza. Jes alimtengenezea meza ambayo ukiivuta ncha zote mbili inarefuka mpaka karibu na mlango. Baadaye akaongeza viti, viwili viwili, kila alipopata mbao nzuri. Havikuwa na nakshi hata moja.

"Kiti hakihitaji maua," alikuwa akisema. "Atakayekikalia ana maua yake kwenye gauni."

Mgeni angeingia jikoni kwa Metha akadhani ameingia kwa mtu mkavu. Pazia hakuna. Picha hakuna, isipokuwa moja ya farasi aliyekufa zamani. Lakini angehesabu viti angekuta kumi na viwili, na benchi refu kando ya jiko, na kabatini vikombe ishirini na vinne na sahani idadi hiyo hiyo. Mwanamke mwenye koti moja ana vikombe ishirini na vinne! Mwenyewe hakuona ajabu yoyote. Koti ni la kuvaa yeye, na yeye ni mmoja. Vikombe ni vya watu.

Na watu walikuja. Aliyepita kuuliza njia alikalishwa. Aliyekuja kurudisha msumeno aliondoka baada ya saa mbili, amekula keki za aina tano na hakumbuki msumeno ameuweka wapi. Kisichofanya kazi, Metha hakukaa nacho. Dada yake alimletea mashine ya umeme ya kuchemshia mayai, akachemsha mara mbili kwa heshima, kisha akaigawa. "Sufuria haijawahi kunikosea," alisema. Lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba Metha ana mkono wa birika.

Walijaliwa mtoto mmoja, Rikke, ambaye leo anaishi Kopenhagen na kazi yake ni kuwapunguzia matajiri vitu. Usicheke, ni kazi na inalipa. Anaingia kwenye nyumba ya mtu, anaangalia, anaguna, anasema kile kitoke na hiki kitoke, na mwishoni nyumba inabaki nyeupe na tupu na mwenyewe anamlipa kwa shukrani. Alipoulizwa amejifunza wapi, Rikke alijibu kila mara kwamba amejifunza kwa mama yake. Alijivunia hilo kwa moyo wake wote, na hakuwa anadanganya.

Mwezi wa Januari mwaka huu Jes alipigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, na maneno, ambayo hata kabla hayakuwa mengi, yakawa yanatoka moja moja kwa shida. Wiki tatu Metha alilala kwa dada yake mjini ili awe karibu na hospitali. Wiki hizo tatu Rikke alichukua likizo, akaja Ravnkær, na akaiandaa nyumba impokee baba yake na kigari chake cha kujikongojea. Alifanya kazi peke yake, kwa mikono yake, mpaka bega likamvimba.

Waliporudi, Metha alisimama mlangoni na mfuko wa dawa mkononi. Kuta zilikuwa nyeupe na dari nyeupe. Benchi halikuwapo. Meza ilikuwa imesukumwa ukutani, fupi kuliko alivyowahi kuiona. Viti vilikuwa vinne. Farasi alikuwa ametoka ukutani. Makabati yalikuwa yamewekewa milango mipya laini isiyo na vishikio, kiasi kwamba usingejua ukuta unaishia wapi na kabati linaanzia wapi.

"Unaonaje, Mama?" Rikke aliuliza. Rangi ilikuwa imemkaukia mpaka ndani ya kucha.

Metha aliziangalia zile kucha. "Pazuri, mwanangu," akasema. "Umechoka sana."

Jes, aliyekuwa ameshika kigari chake katikati ya sakafu, alizungusha shingo taratibu.

"Nani kahama?" akauliza.

Rikke akacheka, akadhani baba yake anatania. Kisha Metha akauliza viti vingine viko wapi, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa.

"Nimevipeleka duka la mitumba mjini, vitawafaa watu. Na vikombe pia. Vinne vinatosha, Mama: wewe, Baba, mimi nikija, na mgeni mmoja."

"Mgeni mmoja," Metha alirudia, kama mtu aliyeonyeshwa mnyama asiyemjua.

Mtoto aliyepaka dari ya mama yake huku bega limevimba hapokelewi kwa malalamiko. Na haki lazima isemwe, kigari cha Jes hakikugonga chochote, kilipita kokote. Ila makabati yalimtesa. Yalifunguka kwa kusukumwa, lakini si kila mahali, na Metha akitafuta chumvi alilazimika kuupiga ukuta makofi kutoka mwanzo hadi mwisho mpaka mlango mmoja ukubali kufunguka. Makabati ya Jes yalikuwa na vishikio vikubwa vya duara, kwa sababu Jes alijua kwamba mkono wa jikoni huwa umelowa. Vishikio navyo vilikwenda mjini.

Basi ukaja Septemba, na Jumamosi ya tarehe ishirini na moja Metha na Jes walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, ile inayoitwa arusi ya dhahabu. Huku kwetu arusi ya dhahabu si ya wenyewe, ni ya majirani. Majirani ndio wanaokata matawi ya misonobari, wanakusanyika jioni kadhaa kwenye ghala la mmoja wao kuyafunga kwenye fremu ya mbao, na Ijumaa jioni wanalisimamisha tao zima mbele ya mlango wa maharusi. Asubuhi saa kumi na mbili wanarudi na tarumbeta kuwaamsha, na maharusi wanatoka wakiwa wameshavaa, nywele zimeshachanwa, wakipiga kelele kwamba wameshtuka kweli kweli. Kisha wote wanaingia ndani kunywa kahawa. Maharusi hawaruhusiwi kujua lolote, na hakuna asiyejua.

Jumanne ya wiki hiyo Metha alikwenda dukani kununua sukari. Thyra, jirani yake wa mlango wa kwanza, alikuwa amesimama penye jibini akipiga soga na wanawake wawili. Metha akaingia. Wakamsalimia, wakaendelea na soga yao.

Metha alisimama na sukari mkononi. Ukiwa na arusi siku nne mbele, ukiingia dukani watu hunyamaza. Wanakohoa, wanageukia makopo, mmoja anaanza kuzungumzia mvua. Yeye mwenyewe alikuwa amenyamazia watu hivyo zaidi ya mara ishirini. Safari hii hakuna aliyekohoa.

Aliwasubiri wale wawili watoke. "Thyra," akasema, "hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo." Thyra alikuwa akipanga pesa zake kwenye pochi kwa uangalifu mkubwa mno. "Tumeheshimu ombi lenu, kama mlivyotaka."

"Ombi gani?"

Thyra akatoa simu, akaisogeza mbali na macho yake, akasoma kwa sauti kavu. "Mpendwa Thyra. Mama na Baba wangependa siku ndogo na tulivu, kama maisha yao yalivyo. Bila tao, bila tarumbeta, bila kahawa ya asubuhi. Tutakuwa familia peke yetu. Asanteni kwa kuelewa. Rikke." Akairudisha mfukoni. "Miaka arobaini na sita, Metha, mlango kwa mlango. Ungekuja kuniambia mwenyewe ningeelewa, Jes anaumwa, nani asiyejua? Lakini kuandikiwa kwenye simu kama fundi wa bomba!"

Neno lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi wa Metha: sikujua. Akalimeza. Angelisema, kabla ya duka kufungwa kijiji kizima kingejua kwamba Rikke amewafungia watu mlango wa mama yake, na Rikke angekuja Ravnkær na kuondoka kwa miaka kumi akitazamwa hivyo.

"Mbona umeumia hivyo," alisema tu.

"Nani kaumia? Mimi sijaumia," alisema Thyra, akatoka bila jibini aliyokuja kununua.

Metha hakuweza kumfuata na kumwambia leteni tao. Tao haliombwi. Unaweza kuomba mbegu za viazi, unaweza kuomba ng'ombe wako azalishwe saa nane za usiku, lakini tao huwezi. Anayejiombea tao watu watamletea, na watamsema mpaka siku ya kuzikwa. Alirudi nyumbani na sukari yake. Njiani alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa lile koti moja.

Jes alikuwa amekaa penye dirisha linaloelekea barabarani. Alikuwa amekaa hapo kila jioni wiki hiyo nzima.

"Trekta la Nis," alisema, akimtaja jirani yao mkulima. "Halijapita. Na matawi."

"Labda wamepitia njia ya juu."

Jes akamwangalia. Baada ya miaka hamsini mtu hadanganyiki kwa njia ya juu. "Fremu," akasema, na ikamchukua muda kulipata neno lililofuata. "Za kijiji hiki. Zote. Nimepigilia mimi. Yangu... anapigilia nani?"

Metha alivua viatu, akaenda kuupiga ukuta makofi atafute kopo la kahawa. Daktari alishawaambia wazi kwamba kiharusi cha pili kinaweza kuja wakati wowote, na kikija huenda kisimwachie hata yale maneno machache. Katika maisha yake yote Metha alitaka vitu vichache, na alivyovitaka alivipata au alivisahau. Sasa alitaka kitu kimoja, na alikitaka kwa uchungu: nyumba ijae watu mara moja, Jes akiwa bado anaweza kuwatambua na kuwatukana.

Rikke alifika Alhamisi na maua matatu meupe na sahani tatu mpya za kijivu. Metha alimsubiri avue koti.

"Uliwaandikia majirani."

"Ndiyo, Mama. Nilitaka kukupunguzia mzigo. Baba anachoka haraka, na wewe hujawahi kupenda makuu."

"Sijawahi."

"Sasa?"

"Nis ni makuu? Thyra na magoti yake mabovu ni makuu?"

Rikke akaweka maua mezani. "Mama, wewe ndiye uliyenifundisha. Kisichofanya kazi kitoke. Umeniambia hivyo tangu sijaanza shule."

"Nilikuambia. Na vile vikombe ishirini, nani alikuambia havifanyi kazi?"

"Vilikuwa vimekaa tu kabatini!"

"Vilikuwa vinasubiri watu." Metha hakupandisha sauti. "Mimi nilikaa na koti moja ili vikombe viwepo. Wewe uliona koti, Rikke. Vikombe hukuviona."

Rikke alikaa kwenye kimoja cha vile viti vinne. Aliitazama jikoni aliyoipaka, na kwa mara ya kwanza akaona ukubwa wa nafasi lilipokuwa benchi. Alikumbuka Krismasi moja alipolala usingizi juu ya lile benchi, miguu yake ikiwa mapajani mwa Nis na kichwa mapajani mwa mtu ambaye hata hamjui, na watu wanaongea juu yake. Machozi yakamtoka bila sauti.

"Nitampigia Thyra sasa hivi," alisema.

"Umwambie nini? Alete tao, na viazi vya kukaanga pembeni?" Metha alimpangusa shavu kwa kitambaa cha sahani. "Kaa na baba yako. Mimi nakwenda kwa Nis."

Nis ndiye mwenye funguo za ukumbi wa kijiji. Alikuwa zizini akimfokea ndama. Alimwona Metha, akazima redio, na uso wake ukawa wa heshima kupita kiasi, kama wa mtu aliyekwenda kutoa rambirambi.

"Karibu, Metha. Jes anaendeleaje?"

"Anakula. Nis, nimekuja kuazima birika la ukumbi."

"Lile dogo?"

"Kubwa."

Nis akamwangalia vizuri. "La vikombe mia?"

"Hilo hilo."

"Mko wangapi?"

"Watatu."

Nis alimkuna ndama sikio muda mrefu. "Mna kiu," akasema.

"Jes anapenda kahawa."

"Hilo najua. Unalitaka lini?"

"Jumamosi. Saa kumi na mbili asubuhi nataka liwe limeshachemka."

"Saa kumi na mbili. Watu watatu." Nis alianza kufuta mikono kwenye suruali, polepole. "Na vikombe unavyo?"

"Sina. Vinne tu. Lakini mtu akitokea na chake mkononi, mimi sijawahi kumfukuza mtu."

"Mtu gani huyo atakayetokea? Si mmesema familia peke yenu?"

"Ndiyo. Familia," alisema Metha, na akamtazama machoni mpaka Nis akainamisha macho yake kwa ndama.

Nis alichukua funguo, akalileta birika kutoka ukumbini. Alilifunga kwa kamba nyuma ya baiskeli ya Metha, na akabaki amesimama mlangoni pa zizi huku redio imezimwa.

Ijumaa walioka mama na binti. Metha alioka keki yetu ya mkate mweusi, yenye krimu na jamu ya matunda ya mwituni, na nyingine ngumu za siagi, na laini za tufaha, na skonzi mia moja. Rikke alipima unga. Kila walipotafuta kitu Rikke mwenyewe naye aliupiga ukuta makofi, na mara ya tatu hakuupata mlango wa siagi, akaupiga teke. Metha alicheka mpaka akashika meza. Walikuwa hawajacheka pamoja tangu Januari.

Saa kumi na moja jioni walimaliza. Tao husimamishwa muda huo, kabla jua halijazama. Metha alivaa gauni safi, akajifanya ana kazi mbali na dirisha. Saa kumi na mbili hakuna trekta. Mwanga ukapungua shambani, taa ya kwa Thyra ikawaka, na barabara ikabaki tupu. Jes alifumba macho kitini akijidai amelala.

Metha alizitazama keki kumi na moja zilizopangwa kwenye ile jikoni nyeupe. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Ameomba. Kwa birika au kwa mdomo, ameomba, na hata hivyo hawakuja. Alizifunika skonzi kwa vitambaa, kama watoto, akaenda kulala bila kuaga.

Asubuhi alichemsha birika, kwa sababu alishasema litachemka saa kumi na mbili. Alimvalisha Jes shati jeupe, akapandisha bendera uani, akarudi ndani. Rikke alikuwa ameshuka na nywele hazijachanwa. Wakakaa watatu. Kiti cha nne kilikuwa wazi.

Tarumbeta ililia vibaya. Mpigaji wetu ana meno ya bandia na asubuhi hayajamkaa. Metha alisimama akakaa, akasimama tena. Kisha wakafungua mlango, na wakashtuka kweli, bila kuigiza, kwa sababu uani walikuwapo watu thelathini na nane, kila mmoja na kikombe, sahani na uma wake, na katikati yao tao la ajabu kuliko yote yaliyowahi kuonekana Ravnkær. Upande wa kushoto lilikuwa limevaa misonobari na maua ya karatasi mpaka juu. Upande wa kulia lilikuwa mbao tupu.

"Siku mbili hazitoshi, Metha," alisema Nis. Macho yake yalikuwa mekundu, na mikono yao wote ilikuwa imechanika kwa sindano za misonobari. "Tumefunga mpaka saa tisa usiku. Tukaona bora tulete nusu."

Jes alisukuma kigari chake mpaka kizingitini. Aliinua mkono wa kushoto, akaishika fremu, akaitikisa. Ikalia.

"Nani," akasema, na kijiji kizima kikangoja. "Nani kapigilia. Huu uchafu?"

Wakapiga kelele za furaha mpaka mbwa wa Thyra akabweka. Nis alikiri ni yeye. Thyra alimsukuma pembeni akamkumbatia Metha kwa nguvu. "Birika la vikombe mia," alimnong'oneza sikioni. "Hukuona njia nyingine, mshenzi wewe?"

Waliingia. Wazee watatu walipewa viti na Jes chake, waliobaki wakasimama, na sakafu ikajaa kutoka ukuta hadi ukuta. Rikke alizunguka na birika dogo alilolijaza kutoka lile kubwa, akiwamiminia, akiomba radhi kwa kila mtu kwa zamu, na kila mtu alimjibu kwamba kahawa ni nzuri. Jes alimtukana mpiga tarumbeta, akamtambua mtoto wa marehemu rafiki yake, akala keki ya mkate mweusi vipande viwili. Metha alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe. Alikuwa na furaha mpaka kifua kinamuuma, na hakujali nani anamwona.

Ndipo Thyra, kwa mazoea tu, akagonga sahani yake kwa uma.

Huku kwetu sahani zikigongwa mbele ya maharusi maana yake ni moja: wapande juu ya viti vyao, wasimame, wabusiane watu wote waone. Mmoja akianza, wote hufuata bila kufikiri. Sahani thelathini na nane zililia, na ghafla zikakatika, kwa sababu kila mtu alikumbuka mguu wa Jes kwa wakati mmoja. Thyra aliushusha uma wake, uso umemwiva. Jes alikuwa ameshashika mkono wa kiti kwa mkono wake mzima na alikuwa anajaribu kunyanyuka. Alipanda kidogo, akarudi, akajaribu tena.

"Kaa," Metha alimwambia taratibu, akambonyeza bega.

Akawatazama wageni wake. Akachukua kiti kimoja kutoka kwa mzee aliyekuwa amekikalia, akakiweka kando ya kile cha Jes, akakaa.

"Kaeni chini," akasema.

"Wapi?" aliuliza Nis.

"Sakafuni. Wote. Jes yuko juu ya kiti tayari, nyinyi ndio mmepanda juu mno. Shukeni!"

Aliyetangulia kushuka ni Rikke, na birika lake, katikati kabisa ya sakafu aliyoisafisha. Kisha Thyra, akishikilia mguu wa meza na kulitaja kila goti kwa jina la shetani. Kisha wengine, wakulima wazito wenye migongo ya miaka sabini, wakiguna na kucheka na kumwagiana kahawa, mpaka wote thelathini na nane wakawa chini na waliobaki juu ni wawili tu. Metha aligeuka, akakishika kidevu cha Jes, akambusu, na hawakuwahi kushangiliwa hivyo hata siku ya kwanza.

"Haya, sasa nani atatunyanyua?" alipiga kelele Thyra kutoka chini. Rikke akasimama, akaanza kuwavuta mmoja mmoja kwa mikono.

Jes aliwaangalia kutoka juu ya kiti chake. Kisha akachukua kijiko kwa mkono wa kushoto, akakitafuta kisahani chake, na akakigonga. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, akiwatazama, kisha akamgeukia Metha.

Nis alikuwa ameshanyanyua goti moja. Akalirudisha chini.